Mtoto anakwenda Dar, nani kamfundisha kupanda daladala?

Songea. Oktoba inapokaribia, hesabu za nyumbani hubadilika Lizaboni, Bombambili, Matarawe na kwingineko mjini Songea. Mtoto amepata chuo Dar es Salaam. Mzazi anaorodhesha godoro, shuka, ndoo, ada, fedha ya kula kabla mkopo haujaingia, na nauli ya basi. Kwenye kona ya sebule kuna kiroba cha unga na maharage, maana ni mzazi gani wa Ruvuma atakubali mwanawe akanunue unga Dar wakati mahindi yapo nyumbani?

Usiku wa kuamkia safari hufuata usia. Soma kwa bidii, usiache kusali, chagua marafiki, kumbuka ulikotoka. Na mwishoni, karibu kila mzazi huongeza: "Usiongee na watu usiowajua."

Usia huo wa mwisho unatoka moyoni, lakini kwa kijana anayekwenda kuishi Dar es Salaam unaweza kumponza. Daladala za jiji lile hazina ratiba iliyobandikwa kituoni, na vituo vingi havina hata kibao cha jina. Ramani ya usafiri imo vichwani mwa watu. Asiyeuliza hafiki. Tena anayeogopa kuuliza ndiye mwepesi kumfuata mtu wa kwanza atakayeshika begi lake na kumwambia, "Dada, unakwenda wapi? Twende."

Tatizo linaanzia hapa hapa nyumbani. Kijana wa Songea mjini anaweza kumaliza kidato cha sita bila kutegemea gari la abiria la mjini hata wiki moja mfululizo. Shule ya kutwa iko umbali wa kutembea, bajaji husimamishwa popote, na dereva wa bodaboda pengine anamfahamu baba yake. Akisema "nishushe pale kwa fundi seremala", inatosha. Hajawahi kugombania gari, hajawahi kupitilizwa kituo, na hajawahi kujikuta mahali ambapo hakuna anayemjua.

Siku moja tu baadaye, akiwa zaidi ya kilomita 900 kutoka kwao, anatakiwa kuyajua yote hayo usiku, akiwa na begi, ndoo na kiroba.

Ramani ya mzazi imepitwa na wakati

Wazazi wengi waliowahi kusoma au kufanya kazi Dar es Salaam hutoa maelekezo kwa kujiamini: "Ukifika Ubungo, vuka barabara, panda gari la Mwenge." Maelekezo hayo yalikuwa sahihi zamani. Februari 24, 2021 Rais John Magufuli alizindua kituo kipya cha mabasi ya mikoani huko Mbezi Luis, kinachoitwa kwa jina lake, na stendi ya Ubungo waliyoizoea ikapoteza kazi hiyo. Siku hiyo hiyo ilizinduliwa barabara ya juu ya Kijazi, pale pale Ubungo. Ile Ubungo aliyoiacha mzazi, ya taa na foleni ya magari kutoka pande nne, mtoto hataikuta.

Mbezi Luis iko kwenye Barabara ya Morogoro, mbali zaidi na katikati ya jiji. Ina maana kwamba sehemu ya mwisho ya safari, ile ambayo mzazi huiona ndogo, imerefuka. Basi limetoka Songea likapita Madaba, Njombe, Makambako, Iringa, Mikumi, Morogoro na Chalinze, lakini uchovu wenyewe na hatari vinamsubiri mtoto katika kilomita hizi za mwisho.

Kuna jambo jingine la kuuliza wakati wa kukata tiketi: basi linapita njia gani? Tangu barabara ya Namtumbo, Tunduru hadi Masasi iwe ya lami, inawezekana kufika Dar es Salaam kwa kuzungukia kusini, kupitia Lindi. Anayepita huko anaingia jijini kwa Barabara ya Kilwa na kukutana kwanza na Mbagala, upande mwingine kabisa wa jiji. Mwenyeji aliyekwenda kumsubiri Mbezi atakuwa anapiga simu huku mgeni anashangaa Rangi Tatu.

Saa ya kufika ina uzito wake pia. Basi linaloondoka Songea alfajiri huingia Dar usiku. Tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, mzazi anaweza kutafuta basi linaloondoka baadaye mchana na kufika alfajiri. Kwa mtoto anayekwenda mara ya kwanza, kufika kukipambazuka ni bora kuliko kufika saa nne usiku, hata kama atalala kwenye kiti. Na basi likiwahi likafika saa tisa usiku, asitoke nje ya stendi. Akae penye mwanga na abiria wengine hadi kupambazuke. Hakuna aibu katika kukaa stendi.

Mbezi mbili, Posta mbili

Kinachowachanganya wageni kuliko umbali ni majina. Kuna Mbezi Luis, ambayo wengi huiita Mbezi Mwisho, iliyoko Barabara ya Morogoro. Kuna na Mbezi Beach, iliyoko njia ya Bagamoyo. Ndugu anayeishi Mbezi Beach akimwambia mgeni "mimi nakaa Mbezi", na mgeni ameshuka stendi ya Mbezi, wote wawili watadhani wako jirani. Hawako jirani hata kidogo.

Ukiambiwa panda gari la Mawasiliano halafu konda anaita "Simu 2000", usiliache likapita. Ni mahali pamoja. Posta nayo ina vituo viwili, Posta Mpya na Posta ya Zamani. Kivukoni na Feri huzungumzwa kama kitu kimoja kwa sababu ndipo wanapopandia kivuko cha Kigamboni. Na Kimara kuna kituo kinachoitwa Korogwe. Asishtuke, hajapelekwa Tanga.

Waliopata nafasi Nairobi wana unafuu kidogo hapo, maana matatu nyingi za kule zina namba za njia: 46 ni Kawangware, 111 ni Ngong. Dar es Salaam hakuna namba. Njia imeandikwa kwa majina kwenye gari, mwanzo na mwisho, na gari lina mstari wa rangi ya njia yake. Maandishi hayo hayasemi linapita wapi katikati, na humo katikati ndimo kilimo kituo cha mtoto.

Kwa hiyo badala ya kumwambia "utapanda gari la Makumbusho", mzazi amsaidie kuandika mambo manne kwenye karatasi, narudia, karatasi, kwa sababu simu huisha chaji: jina la njia iliyoandikwa kwenye gari, jina la kituo cha kushukia, jina la kituo kinachotangulia hicho, na namba ya simu ya mwenyeji. Kituo kinachotangulia ndicho watu wengi hukisahau, nacho ndicho kinachomwambia mtoto asogee mlangoni. Maelezo hayo asiyatoe kwa mjomba aliyeondoka Dar mwaka 2009. Ayatafute kwa mtu anayepanda magari hayo sasa, na mara nyingi huyo ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo hicho hicho.

Adabu ya nyumbani na sauti ya daladala

Watoto wa Songea hulelewa kusema taratibu mbele ya wakubwa. Ni malezi mazuri, lakini ndani ya daladala lililojaa, muziki ukiwa juu, "samahani kaka, naomba kushuka" haifiki popote. Konda husikiliza sauti ya mtu anayesema "Shusha!" kabla kituo hakijapita. Mtoto akiona haya, atapitilizwa vituo viwili, kisha atashuka asikokujua akiwa na aibu ya kumuuliza mtu wa tatu.

Mzazi amwambie waziwazi kwamba kupaza sauti kwenye gari si utovu wa adabu. Jambo hili ni zito zaidi kwa mabinti. Katika msongamano wa jioni wapo wanaume wanaoutumia vibaya mbanano huo kuwagusa wasichana, na silaha yao kubwa ni kwamba msichana atanyamaza. Binti aambiwe kabla hajaondoka kwamba akiguswa aseme kwa sauti, ahame, ashuke ikibidi, na kwamba nyumbani hakuna atakayemuuliza alivaa nini. Mazungumzo haya ni magumu kwa akina baba wengi. Mama, shangazi au dada mkubwa anaweza kuyafanya, mradi yafanyike.

Kisha kuna fedha. Neno daladala lenyewe lilitokana na nauli ya Sh5, iliyoitwa dala, katika miaka ya 1980 magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kusaidiana na mabasi ya UDA yaliyokuwa hayatoshi. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa umbali usiozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka Sh500 hadi Sh600, na njia ndefu hulipiwa zaidi. Bei hubadilika, hivyo aulize abiria aliyekaa jirani kabla konda hajamfikia. Awe na sarafu na noti ndogo mfuko wa mbele. Anayetoa noti ya Sh10,000 kulipia Sh600 huambiwa asubiri chenji, na mgeni aliyesubiri chenji husahau kuidai anaposhuka akihangaika na begi. Fedha nyingine ikae mahali ambapo haitatolewa mbele ya watu.

Kuna tabia za jiji ambazo hakuna mtu atakayemweleza mpaka zimkute. Saa za kwenda na kutoka kazini, gari halijafika hata mwisho wa njia tayari watu wanalirukia, wengine hupenya madirishani. Wapo wanaopanda likiwa bado linakwenda mwisho ili wageuze nalo, wakilipa mara mbili kwa ajili ya kupata kiti. Na wapo madereva wanaokatisha njia: gari limeandikwa linakwenda mpaka mwisho, lakini katikati konda anatangaza mwisho wake ni hapo. Hilo likitokea, mgeni asikimbilie bodaboda kwa hofu. Ashuke na wenzake, asimame walipo wengi, amuulize aliyekuwa naye ndani ya gari. Abiria aliyekatishiwa njia huwa na hasira na dereva, lakini kwa abiria mwenzake ni mwalimu mzuri sana.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016, yana utaratibu ulionyooka zaidi. Unalipa kabla ya kupanda, unaingia kituoni katikati ya barabara, unasubiri. Mtego wake ni matawi. Kutoka Kimara mabasi hufuata barabara moja, halafu yale ya Morocco hukunja Magomeni, ya Kariakoo hukunja Fire kwenda Gerezani, na ya Kivukoni huendelea hadi Posta na Feri. Mengine hayasimami kila kituo. Mtu akiingia basi lolote kwa sababu tu limefungua mlango, anaweza kuliona jengo la chuo chake likipita dirishani. Asome maandishi ya mbele ya basi, kisha amuulize aliye jirani, "Hili linasimama Magomeni?" Huduma hii imekuwa ikibadilika, hivyo aulize kwanza kama njia anayoitaka inafanya kazi siku hiyo.

Amuulize nani?

Tumerudi kwenye watu usiowajua. Mtoto hawezi kuwakwepa, basi afundishwe kuwachagua. Kanuni moja rahisi: amwendee yeye, asisubiri kuendewa. Mtu aliyemchagua mwenyewe kati ya mia, yule mama anayeuza maandazi, wakala wa fedha za simu aliyekaa kibandani kwake, askari, mwanafunzi mwenye begi la vitabu, kwa kawaida hana mpango naye wowote. Mtu aliyemchagua yeye kati ya abiria mia wanaoshuka kwenye basi ana sababu. Mara nyingi sababu hiyo ni kutafuta riziki tu, kama mpiga debe au dereva wa bodaboda. Lakini mgeni hana namna ya kujua ni nani ana sababu nyingine.

Aulize watu wawili, wasiokaa pamoja. Majibu yakifanana, aende. Yakitofautiana, atafute wa tatu.

Na asiulize kwa kujitangaza. "Shikamoo mama, mimi nimetoka Songea leo, sijui Dar, nataka kufika Chang'ombe" ni maelezo mengi kuliko swali. "Mama shikamoo, magari ya Temeke yanasimama wapi?" linatosha. Shikamoo ibaki. Hata Dar inafungua milango.

Akilazimika kupanda bodaboda au bajaji, bei ijulikane kabla hajapanda, na begi liwe mikononi mwake wakati wa kupatana. Anayetumia programu za simu za kuita bajaji au teksi ahakikishe namba ya gari iliyofika ndiyo iliyo kwenye simu, na atume taarifa za safari kwa mwenyeji wake. Kwa mtoto mwenye mizigo mingi na anayefika usiku, fedha ya bajaji au teksi hiyo ya kwanza haiwi anasa, na mzazi anayebana matumizi afadhali apunguze kwenye ndoo, maana ndoo zinauzwa kila mtaa wa Dar.

Simu za mama

Mzazi aliyebaki Songea hana kazi siku hiyo. Anapiga simu Makambako, anapiga Iringa, anapiga kila nusu saa kuanzia Morogoro. Basi likifika Mbezi, simu ya mtoto ina chaji kidogo, na mama anapiga tena: "Umeshapanda gari? Umekaa upande gani? Konda anaonekanaje?" Mtoto, ili asimkwaze mama, anaipokea akiwa mlangoni au dirishani. Wakwapuzi wa simu wanaotumia pikipiki, ambao magazeti huwaita vishandu, wanamtafuta mtu wa namna hiyo hasa.

Wakubaliane mapema. Simu ya kwanza Chalinze, ambapo mwenyeji anapata muda wa kutosha kujiandaa. Ya pili Mbezi, akiwa bado ndani ya stendi. Ya tatu akiwa ndani ya nyumba na mlango umefungwa. Katikati ya Mbezi na nyumbani, mama akae kimya, hata kama roho inamtoka. Kama ana wasiwasi ampigie mwenyeji.

Wakubaliane pia nini kitatokea mtoto akipotea, maana atapotea. Karibu kila aliyehamia Dar ana kisa cha kulala usingizi akazindukia mwisho wa gari. Kijana anayejua kwamba akipotea baba atafoka, atakawia kusema, na katika kukawia huko atafanya uamuzi mbaya, kama kupanda pikipiki ya mtu asiyemjua kwenda mahali asipopajua. Aambiwe: ukipotea, simama penye duka lililo wazi, nunua maji, kaa, piga simu, uliza hapo panaitwaje. Kisha rudi kwa gari lile lile mpaka ulipopandia. Nauli ya kupotea, elfu mbili au tatu, iwekwe pembeni na isihesabiwe kwenye matumizi.

Mazoezi yaanzie Peramiho

Mengi ya haya yanaweza kufundishwa kabla ya Oktoba bila kutoka Ruvuma. Mtume peke yake Peramiho kwa gari la abiria, umpe jina la mtu wa kumuona na usimpe maelekezo ya kumpata. Wiki inayofuata mtume Mbinga, akanunue kitu sokoni na arudi siku hiyo hiyo. Akate tiketi mwenyewe, adai chenji mwenyewe, aulize njia mwenyewe. Akirudi, usimuulize tu kama amefika salama. Muulize alimuuliza nani njia, na kwa nini alimchagua huyo.

Siku ya kukata tiketi ya Dar mwache yeye asimame dirishani kwenye kituo cha mabasi, aulize basi linapita wapi na mwisho wake ni wapi. Baba asimame nyuma na ajizuie. Kwa wengine hilo ndilo gumu kuliko yote.

Vijana hujifunza haraka. Kufikia Krismasi wengi hujua gari gani hukatisha njia na saa gani si ya kupanda, na wanaanza kuwacheka wageni wa mwaka unaofuata. Wazazi watauhitaji ujuzi huo mapema kuliko wanavyodhani. Wagonjwa wengi wa Ruvuma wenye rufaa ya Muhimbili hushukia stendi ile ile ya Mbezi, wakiwa na faili mkononi na mwili uliochoka, na anayekuja kuwapokea mara nyingi ni mwanafunzi huyo huyo. Atachukua begi, atamwambia mama yake aweke simu ndani, atapaza sauti kwa konda pale panapohitajika, na mama atamtazama akishangaa sauti hiyo ameitoa wapi.